Mjadala: Kuingia kwenye moteli zilizotelekezwa, ni haki yetu au ni uvamizi?

Mleta mada:

Wakuu, jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu. Wapo wanaosema moteli iliyofungwa kando ya barabara, milango imeng'oka na madirisha hayana vioo, ni ya yeyote anayepita: ingia, piga picha, usiguse kitu, ondoka. Nilikuwa wa kundi hilo. Leo nasema tuache, na sababu yangu ya kwanza si sheria.

Niliwahi kuingia moteli moja ya namna hiyo, vyumba vimepangwa mstari, kila mlango unatazama maegesho. Vyumba vinne vya mwanzo vilikuwa kama nilivyotarajia: zulia limevimba kwa maji, dari imeangukia kitanda, pazia limeoza kwenye fimbo yake. Cha tano mlango ulikuwa umerudishwa. Nikausukuma. Ndani pamefagiwa. Godoro limetandikwa, ndoo ya maji imefunikwa kwa sahani, na viatu vya mtoto vimewekwa ukutani, ncha zikielekea mlangoni. Nilishapiga picha kabla akili haijanirudia. Niliifuta palepale, lakini nilikuwa nimeingia chumbani kwa watu bila hodi.

Moteli ni tofauti na kiwanda au mgodi uliofungwa. Ilijengwa kwa ajili ya kulala, na asiye na pa kulala ataiona hivyo hata baada ya umeme kukatwa.

Na kuna wanaotufuata ndani. Tarehe 3 Desemba 1999, huko Worcester, Massachusetts, ghala kuukuu la baridi lililokuwa halitumiki liliwaka moto. Mwanamume na mwanamke wasio na makazi walikuwa wameangusha mshumaa, wakatoka bila kutoa taarifa. Zimamoto waliambiwa kuna watu humo, wakaingia kuwatafuta. Sita hawakutoka. Kila nikifikiria gari langu limeegeshwa nje ya jengo bovu, nawakumbuka wale sita. Gari lile lingetosha kumfanya mtu aingie kunitafuta.

Hatari nyingine mnazijua: asbestosi (nyuzi zinazoharibu mapafu) kwenye dari, rangi yenye madini ya risasi (huko Marekani rangi hiyo ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978 tu), bwawa la kuogelea lililojaa majani hadi linafanana na ardhi. Ila kinyesi cha panya wengi wanakidharau. Mwaka 1993, kusini-magharibi mwa Marekani, aina mpya ya virusi vya hanta, vinavyoenezwa na panya, iligunduliwa baada ya vijana wenye afya kufa kwa kushindwa kupumua. Vumbi la chumba kilichofungwa linatosha kukuambukiza, na ugonjwa ukishashika mapafu, karibu wagonjwa wanne kati ya kumi hufariki.

Nawasilisha.

Mchangiaji:

Nakuelewa mkuu, na habari ya viatu imenigusa, lakini naomba kutofautiana nawe. Nani mwingine ataweka kumbukumbu? Moteli ya kwanza kuitwa kwa jina hilo ilifunguliwa San Luis Obispo, California, mwaka 1925. Barabara ya 66, ile barabara kuu ya kutoka Chicago hadi California, ikaanzishwa mwaka uliofuata, familia zikajenga vyumba kando yake. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikaleta njia mpya zilizoipita miji ile kwa mbali, na mwaka 1985 Barabara ya 66 ikafutwa rasmi. Pale Glenrio, mpakani mwa Texas na New Mexico, kulikuwa na moteli iliyojitangaza kuwa ya kwanza na ya mwisho Texas. Leo ni gofu.

Fikiria pia nyumba za wageni zilizoorodheshwa kwenye Green Book, mwongozo ulioanza mwaka 1936 kuwaonyesha wasafiri weusi mahali ambapo wasingefukuzwa. Nyingi zimeshabomolewa. Ukisubiri kibali, unakuta mwenye hati alishafariki, au ni benki isiyojibu barua. Sisi tunaoingia na kamera ndio mashahidi wa mwisho.

Mleta mada:

Asante mkuu, hoja yako ina uzito na siipuuzi. Sipingi kumbukumbu. Bango, ofisi ya mapokezi, safu ya milango, vyote vinapigika picha ukiwa barabarani. Kilichobaki ndani ya chumba kwa kawaida ni kitanda na sinki.

Hata hivyo tazama Lorraine, moteli ya Memphis alipouawa Martin Luther King Jr. tarehe 4 Aprili 1968. Kama kuna moteli iliyostahili kuhifadhiwa, ni ile, na mwaka 1991 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Lakini mwaka 1988 mpangaji wake wa mwisho alitolewa kwa nguvu, naye akakaa ng'ambo ya barabara miaka mingi akipinga, akisema jengo lile lingewahifadhi maskini. Unaweza kuipenda historia kwa moyo wako wote na bado ukamruka mtu aliye ndani yake.

Kibali kikikosekana, mimi nabaki nje. Wewe unayeendelea kuingia, nijibu hili bila kuzunguka: siku utakayokuta mlango umerudishwa na ndani pamefagiwa, utafanya nini?