Acheni kuisifu usql kama dawa ya kila hifadhidata

Banange, huu ushauri wa "weka usql tu, hifadhidata zote zinakuwa kitu kimoja" unaharibu kazi za watu. usql ni programu ya terminali ya kuunganishia hifadhidata za aina nyingi. Imeiga psql, ile ya PostgreSQL, kwa hiyo \dt (orodha ya majedwali) na \d (maelezo ya jedwali) unazipiga vilevile ukiwa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, MySQL au SQL Server. Basi. Inakufungulia mlango, SQL yako (amri unazoiandikia hifadhidata) inafika kwa seva kama ulivyoiandika, haitafsiriwi.

Chukueni shilingi yetu ya Uganda. Safu ya kiasi ni INT (namba kamili), kikomo 2,147,483,647. Malipo moja moja yanaingia bila shida, ila jumla ya mwezi ya duka la jumla pale Kikuubo, Kampala, inaweza kupita hapo. Piga SELECT SUM(kiasi) FROM malipo: PostgreSQL inarudisha BIGINT (namba kamili yenye kikomo kikubwa zaidi), MySQL inarudisha DECIMAL (namba ya desimali), mambo shwari. SQL Server? Jumla ya INT inabaki INT, unatupiwa kosa 8115 (namba imezidi kikomo), halafu usql ndiyo inalaumiwa! Dawa ni SUM(CAST(kiasi AS BIGINT)), CAST ndiyo inabadili aina ya namba. CAST ikae ndani ya SUM. Ukiiweka nje, jumla imeshafurika. Na usiinakili hiyo hiyo ukaipeleka MySQL, huko haijui AS BIGINT, inataka AS SIGNED. Kitu kimoja gani hapo?

Amri ya \copy nayo. Inahamisha data kati ya hifadhidata mbili tofauti, nzuri kweli, lakini jedwali la kupokea unalitengeneza mwenyewe. Ukitoka SQLite ukaandika simu INT kwa mazoea, namba ya simu inayoanza na 256, yenye tarakimu 12, haitoshei. PostgreSQL inakataa. MySQL iliyozimiwa strict (ukaguzi mkali wa data) inaandika 2147483647 kwa kila mteja, na onyo tu. Wateja wote simu moja! Wekeni VARCHAR(15).

Na anayewaambia BEGIN (amri ya kuanza muamala, kundi la mabadiliko yanayoweza kufutwa pamoja) inawalinda kote: kwenye MySQL, CREATE TABLE katikati ya muamala inayahifadhi moja kwa moja yaliyotangulia. ROLLBACK, amri ya kufuta muamala, haiyarudishi nyuma.

JIBU: Ongeza la nenosiri, ssebo. Watu wanalibandika kwenye anwani ya kuunganishia hifadhidata, likibaki kwenye historia ya terminali wanashangaa. Likiwa na #, anwani inakatikia hapo; andika %23. Afadhali faili la ~/.usqlpass, mstari mmoja kwa kila seva: protocol:host:port:dbname:user:pass, kisha chmod 600 ili wengine wasilisome.

MWENYE UZI: Hapo sawa. Ila bado hamjaniambia nani aliwafundisha kuandika LIMIT 10 (leta mistari 10 tu) kwenye SQL Server. Huko ni TOP.