Umeambiwa una ADHD ukubwani, dawa inasaidia nini hasa? Tujadili

Wadau naomba tulijadili hili bila matusi. Nina miaka 36, mhasibu, naishi Dar, mwaka jana daktari wa magonjwa ya akili kanipima akaniambia nina ADHD, yaani ile hali ya ubongo kushindwa kutulia na kushika jambo moja, na nimekuwa nayo tangu utotoni. Akanianzishia methilfenideti, ile wengi wanaijua kama Ritalin. Toka hapo nyumbani kumegawanyika. Kaka anasema nameza unga wenye karatasi ya daktari. Wifi anasema kama dawa imepatikana basi nimepona, sasa mbona kipaimara cha mtoto nimechelewa tena. Wote nawapenda na wote naona wamekosea.

Nianze na kabla ya dawa. Kuna siku tulikaa giza mpaka saa nne usiku na tokeni za LUKU zipo kwenye simu yangu. Nimenunua mwenyewe asubuhi, meseji imeingia, namba zote 20 hizo hapo, mita ipo ukutani hatua nne toka kitandani, na sikuziingiza. Sikuwa nimesahau, hapo ndo watu hawaelewi, nilikuwa nakumbuka muda wote, nanyanyuka naenda, nafika jikoni, narudi na kikombe cha chai, nakaa, najilaumu, nanyanyuka tena. Mwanangu ananiuliza mama umeme unarudi saa ngapi namwambia sasa hivi. Mvivu angalau anapumzika jamani, mi nilikuwa nalala nimechoka kama nimebeba zege.

Dawa imegusa hapo, kati ya kujua na kuanza. Nilivyoelezwa, inafanya dopamini na noradrenalini, kemikali za kupeleka ujumbe kwenye ubongo, zikae muda mrefu kidogo kwenye ubongo kabla hazijarudishwa zilikotoka, na ile ya muda mfupi inafanya kazi kama masaa manne hivi halafu inaisha. Mwezi wa kwanza wa dawa ritani ya VAT niliituma tarehe 14. Miaka yote mi ni mtu wa tarehe 20 usiku, mtandao umeelemewa, mikono inatetemeka. Siku ile nilikaa kwenye kiti nikalia, si kwa furaha tu, nilikuwa nafikiria miaka mingapi nimejiita mjinga.

Ila wifi yangu asome na hapa. Kidonge hakikuchagulii kazi. Kuna siku nilimeza nikashika simu kidogo tu nifute picha, nikakaa masaa matatu napanga picha za harusi ya 2015 kwa utulivu mkubwa sana, na ankara za duka zipo mezani hazijaguswa. Kinakushikilia pale ulipokaa. Kwa hiyo kabla ya kumeza naandika kwenye daftari kitu kimoja cha kuanza nacho, na kengele za simu bado nazitegemea, na kuchelewa bado nachelewa kwasababu kukadiria muda ni kitu najifunza upya ukubwani. Madeni ya zamani hayajajilipa. Mchana njaa hakuna, wali nauona kama mchanga, jioni dawa ikiisha nakuwa mkali, mume wangu kashajua saa kumi na moja asinianzishie habari za ada.

Sasa kaka. Kweli ni dawa ya kuamsha mwili, ipo kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazodhibitiwa na sibishi. Ndo maana kabla ya yote nilipimwa presha, nikaulizwa habari za moyo kwenye ukoo, nikaulizwa kama nimewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na dozi ilianza ndogo ikapandishwa taratibu. Mwanafunzi anayenunua kichochoroni akeshe na mtihani mimi simtetei, anahatarisha moyo wake. Na kuna zisizo za kundi hilo kama atomoksetini, inachukua wiki kadhaa kuonekana, wengine ndo inawafaa. Na hii ya kusema ni tabia tu, daktari hakupimi kwa uchovu wa mwezi huu, anataka dalili zilizoanza kabla ya miaka 12. Mama alitoa ripoti zangu za shule ya msingi, kila muhula mwalimu kaandika ana uwezo ila hatulii, na kaka viboko vile alivishuhudia, vilisaidia nini?

Hoja nzito kuliko zote hakuna aliyeileta pale sebuleni, niilete mwenyewe. WHO, Shirika la Afya Duniani, iliombwa iiweke methilfenideti kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ikakataa 2019 ikakataa tena 2021, wakasema ushahidi wa faida ukilinganisha na madhara haujawa wa kutosha. Naheshimu. Lakini nchi nyingi zinaangalia orodha hiyo zikinunua dawa, kwa hiyo mtu wa kipato changu ananunua mfukoni na wa kipato cha chini anaambiwa aombe Mungu. Mimi naona atakayepimwa vizuri apewe nafasi ya kujaribu kwa miezi michache akiwa na daktari, isipomsaidia aache. Hilo ndo nalitetea.

Waliotumia zaidi ya mwaka naomba mnijibu: mlipoacha, yale mazoea mliyojijengea wakati wa dawa yalibaki au yaliondoka nayo? Daktari wangu anataka tujaribu kupumzisha dawa mwezi wa 12 na hili ndo linaninyima usingizi.