Naomba ushauri: joto la Dar linamvuruga mdogo wangu, ninunue feni gani?

Mlezi wa Temeke: Habari za humu wakuu. Naishi na mdogo wangu wa kiume, miaka 27, chumba na sebule, bati tupu. Tangu joto la Januari lishike, hapati usingizi. Usiku anazunguka uani akiongea peke yake, ukimgusa ni wa moto, asubuhi shuka limelowa chapachapa. Feni ya kusimama au ya ukutani? Nina 80,000.

Fundi Silingi: Chukua ya kusimama, ila shida yako ni bati. Linachemka juani na kushusha joto chumbani mchana kutwa. Piga silingi bodi, acha matundu ya hewa pembeni mwa paa. Kwa sasa, jua likizama fungua madirisha mawili yanayotazamana, feni iweke futi mbili toka dirisha moja ikitazama nje. Itavuta hewa baridi kupitia la pili.

Mwombezi: Dada, kuongea peke yake usiku wa manane hakutibiwi na feni. Familia mnakimbilia vitu, sala mmeiacha.

Nesi wa Zamu: Sala na hospitali haviko ugomvini. Mlezi, joto linamkosesha usingizi mtu yeyote, maana mwili lazima upoe kidogo ndipo usingizi ushike, na kukosa usingizi kunavuruga akili. Lakini je, anatoka jasho? Na anatumia dawa?

Mlezi wa Temeke: Jasho hana, ngozi kavu. Dawa ni za kawaida tu.

Nesi wa Zamu: Taja majina, tafadhali.

Mlezi wa Temeke: Largactil na Artane, tangu 2021. Largactil nimeisimamisha wiki mbili sasa, maana ilikuwa inamlaza mchana kwenye joto hili. Artane nampa, haina shida. Msinihukumu, mimi ndiye nakesha naye. Jumamosi nampeleka Lushoto kwa shangazi, kuna baridi, na nauli nimeshalipa.

Nesi wa Zamu: Hakuna anayekuhukumu, ila umebakiza isiyofaa kubaki peke yake. Largactil ndiyo inayoushika ugonjwa wa akili. Artane kazi yake ni kuzuia mikazo na mitetemeko inayoletwa na Largactil, na ndiyo inayokausha jasho na mdomo, na kuzuia mkojo usitoke. Ikizidi mwilini humchanganya mtu na kumkosesha utulivu. Largactil nayo huvuruga uwezo wa ubongo kudhibiti joto la mwili, kwa hiyo wasiwasi wako ulikuwa na msingi. Njia ilikuwa kurudi kliniki: daktari anaweza kuhamishia dozi kubwa usiku, kupunguza Artane au kubadilisha dawa. Usimrudishie dozi nzima leo kwa kukisia. Lushoto ni kuzuri, ila baridi haitafanya kazi ya dawa.

Mkaguzi: Hii chai. Shuka limelowa chapachapa, halafu jasho hana? Mtunzi kajisahau. Wakuu msipoteze bando.

Mlezi wa Temeke: Shuka nalilowesha mimi. Nachovya kwenye beseni, nakamua, namfunika kifuani, feni ya jirani inampiga. Likikauka narudia. Ndiyo maana nataka feni yangu.

Mkaguzi: Nimekuelewa. Samahani sana dada.

Nesi wa Zamu: Hapo umefanya vyema. Maji yakikauka juu ya ngozi yanafanya kazi ya jasho alilokosa, ingawa unyevu wa pwani unayachelewesha, kwa hiyo lowesha na shingo, kwapa na mapaja. Mpe maji kidogo kidogo, asisubiri kiu. Mchana asikae juani, Largactil huifanya ngozi iungue upesi. Sasa chukua kipimajoto, kiweke kwapani dakika tano. Kojo lake la mwisho lilikuwa saa ngapi?

Mlezi wa Temeke: 38.6. Kojo ni jana jioni. Ananiita kwa jina la marehemu mama.

Nesi wa Zamu: Basi usingoje Jumamosi wala asubuhi, mpeleke dharura sasa hivi. Artane ya usiku usimpe. Beba vipakiti vyote viwili, vikiwa vitupu pia, na waambie Largactil ilisimama siku gani. Wampime na malaria, homa hii tusiipachike kwenye joto pekee. Njiani madirisha wazi, shuka likiwa limelowa.

Mlezi wa Temeke: Jirani ameleta bajaji. Tunatoka.