Nakabwa usingizini tangu nihamie chumba kipya, nihame tena?

Mleta uzi: Wakuu, habari za saa hizi. Nimehamia Mbagala, chumba kimoja cha uani, kodi nimelipa miezi sita. Tangu wiki ya pili nakabwa. Macho yanaona feni na mlango, redio ya jirani naisikia kabisa, ila mkono hauinuki, mdomo haufunguki, na kifuani ni kama nimewekewa gunia la mkaa. Juzi nilimwona mtu kasimama mlangoni, mweusi, hana sura. Nikapiga kelele, zikaishia kooni. Jirani anasema mpangaji aliyepita naye alihama ghafla. Mganga anataka laki na nusu na kuku. Hela ya kuhama sina. Msaada wenu.

Kota Namba Nane: Aliyepita alikimbia kodi, hapo hata mganga hahitajiki 😂

Nesi wa Zamu: Pole sana mkuu. Unafanya kazi gani, na unalalaje?

Mleta uzi: Kiwandani, wiki usiku wiki mchana. Nalala chali, godoro limebonyea upande mmoja.

Nesi wa Zamu: Basi umeshajijibu nusu. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza misuli ya mwili ili usirushe ngumi kwa kila unachoota. Macho na misuli ya kupumulia huachwa, ndiyo maana unaona na hukosi pumzi hata kama unahisi unakufa. Wewe akili imewahi kuamka, mwili bado umefungwa, na ndoto haijakatika. Huyo wa mlangoni ametoka humo. Zamu za kubadilika, kukosa usingizi, mawazo na kulala chali vyote huleta jinamizi, yaani huko kukabwa. Likija usipambane kuinuka mzima mzima. Vuta pumzi taratibu, chezesha kidole kimoja cha mguu. Huachia lenyewe, sekunde kadhaa au dakika chache. Ila kama mchana usingizi unakuangusha hata ukiwa kazini, au ukicheka magoti yanalegea, hilo lipeleke hospitali, usilete hapa.

Mpemba Asili: Mwaka 1995 Pemba nilikuwa mdogo. Watu walilala nje kwa makundi, moto unawaka, kwa hofu ya Popobawa, pepo aliyesemwa kuvamia watu usiku. Waliokumbwa walisimulia haya haya, kubanwa kifua na sauti kutotoka, na wapo watafiti waliokuja kulihusisha na jinamizi. Simbishii nesi, lakini mjomba wangu humwambii kitu mpaka leo. Ilisemwa akishakujia lazima uwatangazie watu, la sivyo anarudi. Wewe umeshatutangazia, upo salama.

Mama Wawili: Mie nasoma Ayatul Kursiy, nalala kiubavu wa kulia. Sijakabwa miaka. Wala havigombani na aliyosema nesi.

Kota Namba Nane: Kiubavu kwenye godoro lililobonyea? Ligeuze kwanza kaka.

Mleta uzi: MREJESHO, wiki ya tatu sasa. Godoro nimeligeuza, dirisha nimeliziba kwa khanga nikilala mchana, na ile chupa ya kinywaji cha kukeshea nimeiacha. Wiki ya zamu ya usiku limenikaba mara moja. Nikahangaika na kidole gumba cha mguu mpaka kikatikisika, likaachia. Moyo ulienda mbio lakini nililala tena, jambo ambalo zamani lisingewezekana. Chumba sihami. Mganga bado ananipigia kuulizia kuku.