Kirusi T7 hunakilije DNA yake ndani ya bakteria?

Swali: Ndugu zangu, nimesoma kwamba T7, kirusi kinachoshambulia bakteria Escherichia coli, kina jeni ya kimeng'enya chake cha kunakili DNA. Kwa nini basi bado kinaitegemea seli?

Jibu la kwanza: Kimeng'enya hicho kikiwa peke yake huuachia uzi wa DNA baada ya kuunganisha nyukleotidi (vipande vidogo, au "herufi", vinavyoijenga DNA) chache tu. Kwa hiyo kirusi huazima thioredoksini, protini ndogo ya bakteria ambayo kwa kawaida haihusiki na unakili, nayo ikishajishikiza kwenye kimeng'enya, kazi huendelea kwa mamia ya nyukleotidi bila kukatika. Bakteria asiye na thioredoksini huishi vizuri, lakini T7 haiwezi kuzaliana ndani yake, jambo ambalo kwangu ni la ajabu sana. Hata nyukleotidi zenyewe, kwa sehemu kubwa, hutokana na DNA ya bakteria iliyokatwakatwa.

Muulizaji: Ahsante sana. Je, bakteria hana silaha yoyote?

Jibu la pili: Anazo. Aina nyingi zina vimeng'enya vinavyokata DNA ngeni penye mfuatano maalumu wa herufi, huku DNA yao wenyewe ikilindwa kwa vikundi vya methili, yaani alama ndogo za kikemikali zilizobandikwa juu yake. Hata hivyo, DNA ya T7 huingia polepole, na miongoni mwa jeni zinazotangulia imo ya protini Ocr, ambayo umbo lake na chaji zake hufanana na DNA, hivyo baadhi ya vimeng'enya hivyo huing'ang'ania na kuiacha DNA ya kirusi salama.