PPP inanikwamisha kwenye P ya mwisho, naomba ushauri

ChakiMkononi
Walimu wenzangu, salaam. Nafundisha Kiingereza kwa wanaoanza, kipindi cha dakika 40. Maandalio yangu yanafuata PPP (Presentation, Practice, Production): nawasilisha, tunafanya mazoezi, kisha wanatumia lugha wenyewe. Hatua mbili za kwanza zinateleza tu. Juzi ilikuwa wakati uliopita. Kujaza nafasi, karibu wote wamepata: went, ate, saw. Nikafuta ubao, nikamuuliza binti wa mbele, "What did you do yesterday?" Kimya. Kisha: "Yesterday I go to... I go..." Zilibaki dakika 4, kengele ikanisitiri. Nasikia SIOP, ule mfumo mwingine wa kuandaa na kufundisha vipindi, inasaidia. Nihamie huko?

MamaKamusi
Umejijibu mwenyewe, mwalimu: dakika 4! Fungua andalio uone kuwasilisha ulikupa ngapi. Mimi nilikuwa hivyohivyo, naipenda sauti yangu mno. Siku hizi nusu ya kipindi ni yao. Halafu usimsimamishe mmoja mbele ya wote. Wasimuliane kwanza wawiliwawili.

SarufiTu
Kujaza nafasi, sentensi tayari ameandikiwa, yeye anatafuta umbo tu. Kusimulia kunamtaka atafute la kusema, maneno, mpangilio na matamshi kwa mpigo. Usitegemee vije siku moja. Mimi PPP niliipa likizo, natumia pima-fundisha-pima: naanza na swali lenyewe, nasikiliza wanakwama wapi, nafundisha hapohapo, tunarudia.

DarajaLaLugha
Kuhusu SIOP: ilitengenezwa Marekani miaka ya 1990 kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma sayansi, hisabati na mengineyo kwa Kiingereza huku Kiingereza chenyewe bado wanajifunza. Ina sehemu 8 zenye vipengele 30. Ukivibeba vyote utakesha. Kwa darasa lako chukua kimoja tu, lengo la lugha. La juzi uliliandikaje?

ChakiMkononi
"Mwanafunzi aelewe wakati uliopita." 🙈

DarajaLaLugha
Sasa kuelewa utakuonaje? Andika: "Mwanafunzi amsimulie mwenzake mambo matatu aliyofanya jana." Hapo utajua mazoezi gani yanamfikisha huko na yapi ni ya kupoteza muda. Na ule ubao ulifuta mapema. Acha vianzio: "First I went to...", "Then I...". Ufute kimoja kimoja kadiri wanavyozoea.

MamaKamusi
Hilo la kufuta kimoja kimoja naliiba.

ChakiMkononi
Mrejesho, wakuu. Leo nimewasilisha dakika 8 tu, kwa shida, nilijishika mdomo. Wakasimuliana wawiliwawili, kelele mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Binti yule yule akanyoosha mkono mwenyewe: "Yesterday I went to my aunt. Then I eated and I sleeped."

SarufiTu
"Eated" hukumfundisha wewe, kaitunga mwenyewe kwa kanuni ya -ed. Usimkatize. Mjibu tu, "Oh, you ate? What did you eat?" uone atakavyojibu.