Mtu mzima aliye Kisumu atasomea wapi Uyahudi?

NyarAhero:
Hamjambo wadau. Naomba mwenye anajua hii mambo anisaidie. Mimi ni mama wa watoto wakubwa, nauza mitumba Kibuye, na kwa muda sasa tuko na kikundi kidogo hapa Kisumu tunasoma Torati kila Jumamosi. Wengi wetu tulitoka makanisa ya Sabato, wengine walikuwa kanisa la Israel Nineveh, halafu kuna wale walipitia makanisa ya Kimasihi, yale ya kumwamini Yesu kwa desturi za Kiyahudi, kuvaa shali za maombi na kupiga pembe. Sasa shida ni kwamba tunasoma lakini tunasoma vile tulifunzwa kanisani, tukifika mahali pagumu mmoja anahubiri na wengine tunasema amina basi imeisha. Mimi nataka kujua Wayahudi wenyewe huisoma aje, wanauliza nini, wanabishana wapi. Nasikia kwa sinagogi kuna masomo ya watu wazima, si ya watoto peke yao. Hapa Kisumu sijaona sinagogi, na Nairobi siwezi kwenda kila wiki na biashara iko hapa.

Kwanza, mtu ambaye si Myahudi anakubaliwa kuingia hayo madarasa? Pili, nimeshapita miaka hamsini, Kiebrania kitaingia kweli? Na la tatu ndilo linaninyima usingizi: kuna mtu anajiita rabi alitupata kwa simu, anasema tukimlipa atatufundisha wiki kadhaa halafu atupatie cheti kwamba sisi ni Wayahudi. Kikundi kimegawanyika, wengine washaanza kuchanga. Tafadhali mtu asiniambie nirudi kanisa, hilo si swali nimeuliza.

Mwalimu_Nax:
Mama, habari ya Kisumu. Nianze na hilo la tatu maana ndilo la haraka. Waambie wasitoe hata shilingi. Hakuna cheti cha kununua kinachomfanya mtu awe Myahudi. Kuingia Uyahudi kuna njia yake: mtu anasoma chini ya rabi anayejulikana, mara nyingi kama mwaka hivi au zaidi, kwa sababu wanataka uishi sikukuu zote, Pasaka uione, kufunga Yom Kippur ufunge, vibanda vya Sukkot ukae ndani, halafu mwishoni unasimama mbele ya baraza la watu watatu, beit din, wanakuhoji, na unazamishwa kwenye maji ya mikve. Wanaume wanatahiriwa, na aliyetahiriwa zamani hospitalini anatolewa tone la damu tu. Sasa huyo wa simu atakuzamisha kupitia wapi? Na rabi wa kweli hata hakimbilii kukuingiza, desturi ya zamani ni kumrudisha mtu kwanza aone kama ana nia. Anayekufuata yeye mwenyewe na bei mkononi, huyo ni wa kuogopa.

Lakini mama kuna kitu wengi hawajui, na ningeomba ukiwaambie kikundi taratibu. Kusoma na kuingia dini ni mambo mawili tofauti. Uyahudi hausemi kila mtu duniani lazima awe Myahudi. Wanafundisha kwamba wasio Wayahudi wana amri saba za Nuhu, usiabudu sanamu, usiue, usiibe, mkuwe na mahakama za haki na nyinginezo, na anayezishika ana sehemu yake kwa Mungu. Kwa hivyo msijione mmechelewa kitu. Someni kwanza.

Nairobi: ushirika wa pale ulianza 1904, sinagogi iko karibu na University Way, ni Waothodoksi, yaani tawi la Wayahudi wanaoshika sheria za zamani kwa ukali, wanaume na wanawake wanakaa kando kando. Usiende tu ukagonge geti, sinagogi karibu kote duniani ziko na ulinzi mkali, kwa hivyo unaandika mapema, unajieleza wewe ni nani na unataka nini, na siku yenyewe unabeba kitambulisho. Ikiwa ni Sabato usitoe simu wala daftari, hawaandiki siku hiyo. Watu wengi wa kwetu huenda na notibuku kama wameenda semina halafu wanashangaa wakiangaliwa. Huku kwetu pia kuna jamii ya Kiyahudi ya Kasuku, Nyandarua, upande wa Ol Kalou, hao ni Wakenya wenzetu, walianzia kwa kanisa la Kimasihi kama hao wenu kisha wakasoma mpaka wakaliacha. Nadhani mkiongea nao mtaelewana haraka kuliko na mtu mwingine yeyote.

Fundi_wa_Busia:
Mwalimu amesema vizuri lakini kutoka Kisumu mimi singeanza na Nairobi wala Kasuku, ningeanza na Mbale. Unapanda gari mpaka Busia, unavuka na kitambulisho tu, Tororo, halafu Mbale, na nje kidogo ya mji kuna kilima cha Nabugoye ndipo wako Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Hawa ni Waafrika wakulima, wanalima kahawa na ndizi, wanaimba zaburi kwa Kiluganda na Kiebrania.

Na kwa nini nawataja hawa kwa kikundi chako mama, ni kwa sababu walianza vile nyinyi mnaanza. Semei Kakungulu alikuwa jemadari, Waingereza walimtumia halafu wakamnyima alichotaka, akabaki na Biblia yake anaisoma, akafika kwa tohara na Sabato akasema kama imeandikwa hivi sisi tunafanya hivi, 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Hawakuwa na rabi. Baadaye alipita Myahudi mmoja mgeni akakaa nao miezi kadhaa, akawaonyesha kalenda, sala, kuchinja, akaenda zake. Kakungulu alikufa 1928 na watu wakaendelea kusoma wenyewe. Amin akapiga marufuku Uyahudi 1971, masinagogi yakafungwa, wengi wakaondoka, wachache wakashikilia kwa siri mpaka alipotolewa 1979. Marabi wa Conservative, tawi la Uyahudi lisilo kali kama Waothodoksi, kutoka nje walikuja kuwapokea rasmi 2002. Hesabu hapo kutoka 1919! Halafu kijana wao Gershom Sizomu akaenda Los Angeles kusomea urabi akahitimu 2008 akarudi kufundisha nyumbani. Hakuna mahali kwa hiyo hadithi yote mtu alinunua cheti.

Jambo moja la kuweka wazi: Waothodoksi hawatambui uongofu wa Conservative, na hilo limeleta ubishi mpaka kwa serikali ya Israeli. Kama baadaye mtataka kuingia kabisa, mjue mnaingia kwa mlango gani. Kama ni kusoma tu, hilo halina shida.

Nesi_Eldy:
Nimesoma nikaona hakuna mtu amejibu lile swali lenyewe, yaani darasani wanafanya nini. Niliwahi kufanya kazi Marekani nikimtunza nyanya mmoja Myahudi, macho yake yalikuwa yameisha nguvu na alikuwa na darasa la jioni katikati ya wiki kwa sinagogi yao, sasa mimi ndiye nilikuwa nampeleka na kumsomea. Niliuliza kama nikae nje, rabi akasema ingia, chukua kitabu. Mimi Mkristo na bado ni Mkristo, hakuna mtu aliwahi kunishawishi.

Usitarajie mahubiri. Watu wanakaa wawili wawili, wanaita havruta, kila wawili na ukurasa wao, mmoja anasoma kwa sauti mwingine anamkatiza, chumba chote ni kelele tupu kama soko lako la Kibuye. Kuna wazee wa miaka themanini wanabishana na vijana wa chuo. Halafu baadaye rabi anawaleta pamoja na hata yeye anaanza na swali.

Nikupe mfano, Mwanzo 18. Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema, jua kali, Mungu amemtokea, na mara anaona watu watatu anakimbia kuwapokea. Kanisani nilikuwa nimesikia hiyo mara nyingi sana na kila mara tulikuwa tunakimbilia ahadi ya mtoto. Kule darasa zima lilikwama kwa mstari wa kwanza na wa pili. Mungu amekuja kumtembelea, sasa anamwacha Mungu hapo amesimama anakimbilia wapita njia? Ni adabu gani hiyo? Wengine wakasema watatu ndio Mungu mwenyewe, wengine wakakataa. Halafu rabi akafungua Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi wa kale, wazee wa zamani walisomea hapo kwamba kumkaribisha mgeni ni kukubwa kuliko kuupokea uso wa Mungu. Na Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa aliyekufa 1105, anasema Ibrahimu alikuwa bado anauguza tohara, kidonda kibichi, na ndivyo alivyokimbia. Nyanya wangu akasema kwa sauti, mimi nisingekimbia! Sisi tumekua tukiambiwa mgeni njoo mwenyeji apone, nikahisi hao watu wananisomea kitu cha kwetu.

Kwa hivyo mama jaribuni hiyo Jumamosi hii hii, bila kungoja rabi wala nauli. Gawanyeni watu wawili wawili, mistari mitano tu, na iwe mwiko mtu kuhubiri, kila mtu alete swali moja lenye linamsumbua kweli. Ufafanuzi wa Rashi na Talmudi ziko bure kwa tovuti ya Sefaria, ni maandishi tu hayamalizi bando, ila ni Kiingereza na Kiebrania, itabidi anayesoma Kiingereza vizuri awatafsirie wengine.

Mwana_wa_Mumias:
Kiebrania kinaingia mama usiogope miaka. Mimi nimesoma madrasa Mumias tangu utoto na nilipoangalia Kiebrania baadaye nikaona njia ni ile ile, unaanza kulia kwenda kushoto, herufi ni 22, irabu ni alama ndogo zinawekwa zaidi chini ya herufi. Vitabu vya kusomea zina hizo alama, lakini gombo la sinagogi halina, ndiyo maana msomaji lazima ajiandae kabla. Herufi mbili kwa siku ukingoja wateja, andika kwa karatasi ya risiti. Wazee wa Kiyahudi husimulia kwamba Rabi Akiva alianza alfabeti akiwa na miaka arobaini, alikaa na mwanawe mbele ya mwalimu mmoja, na akawa mkubwa kuliko wote wa wakati wake. Kwa kikundi kama kuna mtu alipita madrasa mpeni yeye awaongoze kwa herufi.

NyarAhero:
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimewasomea hii yote wenzangu kwa WhatsApp, wale walikuwa wanachanga wamekubali kusimamisha kwanza, mmoja amekasirika lakini atarudi. Nesi hiyo ya Ibrahimu imenishika, tutaanza nayo. Maswali mengine mawili. Tuanze Mwanzo ama tuanze wapi? Na Mbale tukienda ni siku gani nzuri?

Mwalimu_Nax:
Msianze Mwanzo kama mwaka wa Torati umefika mahali pengine. Imegawanywa sehemu 54, wiki zingine wanasoma mbili pamoja, inaisha na kuanza upya siku ya Simchat Torah, mwezi wa tisa ama wa kumi. Tafuta sehemu ya wiki hii, parasha, mwingie hapo hapo, ili siku mkiingia sinagogi yoyote mkute wanasoma mlichosoma. Na mama wewe mtu wa soko utapenda hii: Torati inasomwa Sabato, na pia Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu zamani hizo ndizo siku watu wa vijijini walikuja mjini kwa soko na mahakama. Yaani wafanyabiashara walipangiwa masomo yao. Kama mnaweza kukutana dakika kidogo Alhamisi kabla ya kufungua, fanyeni.

Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, na msihangaike na saa, huku ikweta jua halisogei sana, Kisumu linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro mwaka mzima. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla.

Fundi_wa_Busia:
Mbale mwende Sabato, lakini mfike Ijumaa kabla ya saa tisa, maana jua likizama hamtakuwa mnatafuta boda wala mnalipa mtu. Waandikieni kwanza, mseme mko wangapi, mseme nyinyi ni kikundi cha kusoma na si cha kutaka msaada, wanapata wageni wengi. Kulala na chakula mkubaliane bei mapema. Kina mama mbebe sketi ndefu na leso. Jumapili ndiyo siku ya kukaa na walimu wao muulize maswali na kuandika, kwa hivyo msipange kurudi Jumamosi usiku.